Tuache kubishania helo ya sekunde moja au mbili: kufuatilia majirani kwenye redio zinazohama (uzi mrefu)

#1 Sikio la Mawimbi

Wakuu, salaam.

Kila tukigusa mitandao ya redio zinazohama, zile nodi zinazojiunganisha zenyewe bila mnara wala kituo kikuu, mjadala huishia palepale: helo, yaani tangazo fupi la "nipo" ambalo kila nodi huwatumia walio karibu, itumwe kila baada ya sekunde ngapi? Mmoja anasema mbili, mwingine moja, wa tatu anashuka hadi nusu sekunde kwa sababu nodi zake zinakwenda mbio. Naomba tulichimbe jambo hili, maana naona swali limekaa vibaya tangu mwanzo.

Kufuatilia majirani, yaani nodi zinazosikika moja kwa moja, ni kazi tatu. Kumgundua aliyeingia. Kuhakikisha kwamba aliyepo bado yupo, na kwamba naye anakusikia. Kumfuta aliyeondoka. Kazi hizi hazina haraka moja wala gharama moja, lakini itifaki (kanuni za mawasiliano) nyingi zimezifunga zote kwenye kipima muda kimoja. Hapo ndipo hewa (muda wa kutumia mawimbi) na betri vinapopotelea.

Tuanze na desturi ilivyo. Mtandao wa redio za pakiti (vipande vya data) wa DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, ule ulioanza miaka ya 1970, kila redio yake ilijitangaza kila baada ya sekunde 7.5. AODV, itifaki ya kutafuta njia za data (RFC 3561 ya 2003; RFC ni hati za kiufundi za intaneti), ikaweka helo kila sekunde 1, na zikikosekana mbili mfululizo kiungo kinahesabiwa kimekatika. OLSR, itifaki nyingine ya njia (RFC 3626, mwaka huohuo), ikaweka sekunde 2, na jirani anakaa kwenye jedwali sekunde 6 tangu asikike mara ya mwisho. NHDP (RFC 6130 ya 2011), ambayo ndiyo inayoilisha OLSRv2 (toleo la pili la OLSR) habari za majirani, nayo inapendekeza sekunde 2.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme kiungo kinapoteza helo 3 kati ya 10, na hakuna nodi iliyosogea hata hatua moja. Itachukua muda gani hadi helo zipotee mfululizo kwa bahati mbaya tu na jirani afutwe bure? Kwa kanuni ya AODV ya mbili mfululizo, wastani ni helo 14 hivi, yaani sekunde 14. Kwa OLSR ya tatu mfululizo ni helo 51 hivi, kama dakika moja na robo tatu. Kiungo kikiwa bora zaidi, kinapoteza 1 kati ya 10, AODV inafika sekunde 110 na OLSR dakika 37.

Tazameni tofauti hiyo kati ya sekunde 110 na dakika 37. Urefu wa kipindi umeongezeka mara mbili tu, kwa hiyo kipindi hakiwezi kuieleza. Kinachoieleza ni idadi ya ukosefu unaovumiliwa. Na kila jirani anapofutwa bure, njia zinazopita kwake zinavunjwa, utafutaji wa njia unaanza upya, hewa inajaa, pakiti zinagongana, na helo nyingine zinapotea. Mtandao unajiumiza wenyewe.

Upande wa pili kuna maisha ya kiungo. Watu wanaotembea, kasi yao wao kwa wao ikiwa mita 2 kwa sekunde, redio inafika mita 250: jirani anakatiza duara lako kwa wastani wa mita 390 hivi, yaani dakika tatu na zaidi. Hapo OLSR inatosha kabisa. Lakini magari mawili yakikutana uso kwa uso kila moja na mita 25 kwa sekunde, yanapishana ndani ya mita 500 kwa sekunde 10 tu. Ukiwasha kichujio cha hiari cha OLSR kinachopima uthabiti wa kiungo, unahitaji helo tatu ndipo kiungo kikubalike, maana kipimo kinakwenda 0.5, kisha 0.75, kisha 0.875, na kizingiti ni 0.8. Sekunde nne au zaidi zimekwenda. Na kichujio hichohicho kinaangusha kiungo kwa helo mbili tu zilizopotea, kwa sababu 0.875 inashuka hadi 0.44 halafu 0.22, chini ya 0.3. Kwa hiyo kinachelewa kumpokea mgeni na kinaharakisha kumtupa mwenyeji. Bila kichujio unaishi na jina la mtu aliyekwisha kupita kwa sekunde 6 baada ya kuondoka kwake.

Msimamo wangu ni huu: kila kiungo kilipe kadiri kinavyobadilika na kadiri kinavyotumika. Jirani ambaye data inapita kwake kila wakati hahitaji helo ili tujue yupo. Jirani aliyetulia ambaye hatumtumii hahitaji kuulizwa kila sekunde mbili. Helo iwe ya kuziba kimya, na ya kuwagundua wageni. Karibuni mnipinge.

#2 Fundi Antena

Uzi mzuri mkuu. Niongeze hesabu ya hewa, kwa sababu wengi huona helo ni kitu kidogo.

Helo ya OLSR hubeba anwani za majirani wote, baiti 4 kila mmoja. Weka na vichwa vyote (habari za utambulisho mwanzoni mwa pakiti), kuanzia vya redio hadi vya UDP inayobeba ujumbe, kama baiti 90. Nodi 50 zikisikilizana, kila helo ni baiti 290 hivi. Matangazo kwa wote kwenye redio za 802.11 (Wi-Fi) za zamani huenda kwa megabiti 1 kwa sekunde, kwa hiyo helo moja ni kama milisekunde 2.5 pamoja na utangulizi wake. Mara 50, kila sekunde 2: asilimia 6 ya hewa imeliwa kabla mtu hajatuma neno lolote. Shusha kipindi hadi nusu sekunde, ni asilimia 25.

Sasa ongeza nodi hadi 100, kipindi kibaki sekunde 2. Helo zimekuwa mara mbili kwa idadi na kila moja imenenepa. Unafika asilimia 20. Wingi wa nodi unapanda mara mbili, gharama inapanda zaidi ya mara tatu. Hapo sijahesabu migongano wala muda wa kusubiri zamu.

Dawa ipo kwenye maandishi yenyewe na watu hawaitumii. OLSR inaruhusu helo yenye sehemu tu ya majirani, mradi kila jirani atajwe angalau mara moja ndani ya kipindi cha kuhuisha. Na muundo wa RFC 5444 wa 2009 unaruhusu sehemu ya anwani inayofanana iandikwe mara moja, kisha kila jirani achukue baiti moja au mbili.

Kwenye redio za polepole helo ya kawaida haiwezekani kabisa. LoRa, redio ya masafa marefu na kasi ndogo, kwa mpangilio wake wa polepole zaidi (SF12, kilohezi 125) inachukua sekunde 1.3 kutuma baiti 20. Kwenye bendi inayokuruhusu asilimia 1 ya muda, hiyo ni helo moja kila dakika mbili na ushee, halafu data haina nafasi hata kidogo.

#3 Mwanagenzi

Wakuu naomba kuelimishwa. Nina nodi zinazopokea helo vizuri kabisa, jedwali limejaa majirani, kila mmoja anaonekana wa pande mbili. Lakini nikituma data kwa baadhi yao haipiti. Programu inasema njia ipo. Tatizo liko wapi?

#4 Sikio la Mawimbi

Mkuu Mwanagenzi, hilo ni tatizo linalojulikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, Lundgren na wenzake, walilieleza mwaka 2002 na kuliita maeneo ya kijivu.

Helo ni tangazo kwa wote, hivyo inatumwa kwa kasi ya chini, megabiti 1 au 2. Kasi ya chini inafika mbali. Data inatumwa kwa mmoja, kwa megabiti 11 au zaidi, na kasi hiyo haifiki mbali hivyo. Tena helo ni fupi na data ni ndefu, na pakiti ndefu ina nafasi nyingi zaidi za kuharibika njiani. Basi kuna ukanda wa pembeni ambako helo inapita na data haipiti. Jirani yuko jedwalini, njia inachaguliwa kupitia kwake (tena itifaki inayopenda hatua chache itampenda huyu wa mbali kuliko wa karibu), na data inafia hapo.

Ndiyo maana sipendi jedwali linalosema "yupo" au "hayupo" tu. Weka kipimo. ETX, iliyoletwa na kundi la MIT mwaka 2003, inahesabu sehemu ya pakiti zinazopita kwenda na sehemu inayopita kurudi, inazizidisha, kisha inachukua 1 gawanya kwa jibu. Kiungo chenye 0.9 kila upande kinapata kama 1.23. Chenye 0.5 kila upande kinapata 4. Namba hiyo ni makadirio ya mara ngapi utaituma pakiti hadi ifike. Lakini angalia: ukipima kwa matangazo ya kasi ya chini, ETX nayo itadanganywa na ukanda uleule. Kwa majirani unaowatumia, pima kwa pakiti halisi za data.

Babel, itifaki nyingine ya njia (RFC 8966), inatunza historia ya helo 16 za mwisho kama biti 16, na kila helo ina namba ya mfuatano, hivyo unajua zilizopotea na si zilizofika peke yake. Ni baiti mbili kwa jirani, na zinakuambia mengi kuliko saa ya "alisikika lini".

#5 Nahodha Mstaafu

Nimesoma kwa hamu. Mimi natoka upande wa meli, na naona tatizo lenu kwetu lilipata jibu la aina yake. AIS, mfumo wa meli kutangaza mahali zilipo kwa redio ya VHF, haina kipindi kimoja. Meli kubwa iliyotia nanga inatangaza kila dakika 3. Ikienda chini ya fundo 14 (maili za baharini kwa saa), kila sekunde 10. Kati ya 14 na 23, kila sekunde 6. Zaidi ya hapo, kila sekunde 2. Na ikibadili uelekeo, hata ile ya polepole inaruka hadi sekunde 3 na theluthi.

Dakika ya kila chaneli imegawanywa nafasi 2250. Chombo kinapotangaza, kinasema pia kitatumia nafasi ipi baadaye. Kwa hiyo wengine wanaikwepa, na wanajua wamtegemee lini.

#6 Sikio la Mawimbi

Shikamoo Nahodha, na ahsante sana. Hapo kwenye "wanajua wamtegemee lini" ndipo penye kiini cha jambo.

Ukiamua kipindi kibadilike kulingana na mwendo bila kuwaambia majirani, umewaangamiza. Nodi iliyotulia inarefusha kipindi chake kutoka sekunde 2 hadi 10, jirani anasubiri sekunde 6 kwa mazoea, anaifuta. Inasikika tena, inaongezwa. Inafutwa tena. Kwa hiyo kila helo ibebe ahadi: nitatangaza tena kabla ya muda fulani, na habari hii ni halali kwa muda fulani. Helo za OLSR zina sehemu za ahadi hizo, NHDP na Babel pia. Tatizo ni programu zinazopokea ahadi hiyo na kuipuuza, zikitumia namba zao zilizoandikwa kwenye faili la mipangilio. Kagueni programu zenu kwenye hili kabla ya kitu kingine chochote.

Magari nayo yamefuata njia kama ya meli. Ujumbe wa hali ya gari katika kiwango cha ETSI (taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya) hutumwa gari likisogea zaidi ya mita 4 tangu ujumbe uliopita, au likigeuka zaidi ya digrii 4, au kasi ikibadilika zaidi ya nusu mita kwa sekunde. Kikomo ni mara 10 kwa sekunde kwa juu na mara 1 kwa chini. Na mtu akikupa mahali alipo na kasi yake, unaweza kukadiria alipo sasa bila yeye kusema lolote, na hata kukadiria atatoka lini kwenye duara lako. Anahitaji kusema tena pale tu anapoona makadirio yenu yameanza kumpotea. Naipenda sana mbinu hii. Kasoro yake ni kwamba umbali si mawimbi: kilima au ukuta ukiingia kati, hesabu ya mita inasema jirani yupo na redio inasema hayupo. Tumia mahali kupanga lini kuuliza, usipatumie kutangaza kiungo ni kizima.

#7 Zamu ya Usiku

Mkuu Sikio, nakuunga mkono nusu. Lakini kurefusha kipindi kukiwa shwari ndiyo mbinu ya Trickle (RFC 6206), na inafanya kazi kwenye vihisi kwa miaka mingi. Kipindi kinaongezeka mara mbili kila mambo yakitulia, kinarudi chini kabisa kukitokea tofauti, na nodi ikisikia wenzake wa kutosha wamesema jambo lilelile inanyamaza. Mbona tusiichukue kama ilivyo?

#8 Sikio la Mawimbi

Kwa kusambaza habari, Trickle ni bora sana. Kwa kufuatilia majirani, sehemu ya kwanza tunaichukua na ya mwisho tunaiacha. Trickle inaruhusu kunyamaza kwa sababu haijali nani amesema, inajali kwamba limesemwa. Sisi tunajali nani. Nodi ikinyamaza kwa sababu wenzake wamesema, majirani zake hawawezi kujua kama imenyamaza kwa adabu au imekufa.

Pia kuna ugumu wa mgeni. Kundi zima limetulia, vipindi vimefika dakika kadhaa, anaingia mtu. Atasubiri? Hapana. Mzigo wa kugundua uwe kwa anayeingia: yeye anajua jedwali lake ni tupu au linabadilika haraka, basi yeye ndiye atangaze mara kwa mara, na anayemsikia amjibu baada ya kuchelewa kwa bahati nasibu, sehemu ya sekunde tu, ili majibu yasigongane. Wenyeji hawalazimiki kupaza sauti usiku kucha kwa ajili ya mgeni ambaye huenda haji. Makundi mawili yaliyotulia yakikutana ni hali ngumu zaidi, kwa hiyo kipindi kirefu kiwe na kikomo kinacholingana na kasi kubwa unayoitarajia. Ukitembea kwa miguu, sekunde 20 zinavumilika. Kwa magari, hata sekunde 2 ni nyingi.

#9 Kipimo Tu

Nina pingamizi kwa hoja kwamba data yenyewe ni ushahidi. Tuseme natuma pakiti, sipati uthibitisho, redio inajaribu tena hadi mara 7 kisha inakata tamaa. Programu nyingi hapo zinatangaza kiungo kimekufa. Lakini mara nyingi jirani yupo palepale! Kuna nodi ya tatu ambayo mimi siisikii ila yeye anaisikia, zinagongana kwake. Mtandao ukiwa na shughuli nyingi, mbinu hii itafuta majirani wazima kwa mkupuo. Nimeona njia zikivunjika kila dakika kwenye nodi zilizowekwa mezani.

#10 Sikio la Mawimbi

Pingamizi la haki kabisa. Tatizo la nodi zisizosikiana lilielezwa na Tobagi na Kleinrock mwaka 1975 na bado liko nasi.

Hata hivyo, faida ni kubwa mno kuiacha: majaribio hayo yote yanakwisha ndani ya milisekunde chache au makumi, wakati helo inakuambia baada ya sekunde 6. Kinachotakiwa ni hali ya katikati. Jirani aliyeshindwa asifutwe, awekwe kwenye mashaka. Njia mpya zisipitishwe kwake, pakiti zilizopo zisubiri kidogo au zipite kwingine kama kuna pengine. Kisha mtumie yeye peke yake pakiti fupi ya kuuliza, mara mbili tatu, zikiachana kwa muda usiotabirika ili msongamano upungue. Akijibu, ametoka kwenye mashaka na kipimo chake kimeshuka kidogo. Asipojibu, mfute sasa hivi, usisubiri sekunde 6. Tena angalia ni wangapi wameshindwa kwa pamoja: majirani watano wakishindwa ndani ya nusu sekunde, hawajahama wote, hewa ndiyo imejaa. Hapo kufuta yeyote ni kosa, na kuongeza helo ni kosa kubwa zaidi.

Na kumsikia jirani akituma data kwa mtu mwingine ni ushahidi kwamba yupo na kwamba wewe unamsikia. Si ushahidi kwamba yeye anakusikia. Tenganisha saa mbili kwa kila jirani: lini nilimsikia, na lini nilipata uthibitisho kwamba alinisikia. Helo ya kukutaja jina, au uthibitisho wa pakiti yako, ndivyo pekee vinavyosogeza saa ya pili. Jambo hili dogo ndilo linaloondoa majirani wengi wa uongo.

AODV yenyewe inasema wazi kwamba nodi ikishatuma tangazo lolote ndani ya kipindi, haihitaji helo, na kwamba helo zitumwe na nodi zilizo kwenye njia inayotumika. Wazo la kuziba kimya lipo tangu 2003. Limeachwa tu kwenye programu nyingi kwa sababu kipima muda cha kudumu ni rahisi kukiandika.

#11 Zamu ya Usiku

Nimekubali kwenye kunyamaza. Kwa wenye redio zinazolala: hata helo nzuri haina maana ikiwa mwenzako amelala. Mbinu ya Disco ya 2008 inagawa muda kuwa nafasi fupi na inatumia namba tasa. Nodi moja inaamka kila nafasi ya 37, nyingine kila nafasi ya 43. Kwa kuwa namba hizo hazina kigawo cha pamoja, lazima waamke pamoja ndani ya nafasi 1591, haijalishi nani alianza lini. Nafasi ikiwa milisekunde 10, ni chini ya sekunde 16, na kwa namba moja tu kila mmoja yuko macho chini ya asilimia 3 ya muda. Kila nodi inapewa namba tasa mbili, ili wawili waliochagua moja inayofanana wasikosane milele.

#12 Mwanagenzi

Ahsanteni sana wakuu, nimeelewa kwa nini data yangu inafia pembeni. Swali la mwisho: nikibadilisha programu yangu kufuata haya, nitajuaje kama nimeboresha? Sasa hivi napima pakiti zilizofika tu.

#13 Sikio la Mawimbi

Pakiti zilizofika zinachanganya mambo mengi. Rekodi kila badiliko la jedwali kwenye kila nodi, pamoja na saa, na saa za nodi zilinganishwe kabla ya kuanza. Kisha toa namba tatu. Ya kwanza, muda wa jina mfu: tangu jirani aache kusikia kweli hadi uliposhtuka. Ya pili, ufutaji wa bure: mara ngapi jirani alifutwa akarudi ndani ya sekunde chache bila yeyote kusogea. Ya tatu, hewa: milisekunde ngapi kwa sekunde zimetumika kwa helo, maulizo na majibu, ukihesabu kwa kasi halisi ambayo vilitumwa nayo na si kwa baiti.

Ukweli wa nani anasikia nani upate kwa kutuma pakiti za majaribio zenye namba kwenye zoezi la pembeni, kwa kasi ileile ya data. Kipindi kimoja cha kudumu kitakupa kubadilishana tu: punguza ya kwanza, ya tatu inapanda. Ukiona ya kwanza na ya pili zimeshuka pamoja huku ya tatu haijapanda, leta faili hapa tuliangalie. Anza na nodi zilizotulia mezani kabla ya kuzitembeza, maana ufutaji wowote utakaouona hapo ni wa bure kwa hakika.